Pleti ya rauta ya nini kuagizwa ng'ambo?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Sikuja kulalamikia maji ya mfereji wala foleni ya feri ya Likoni. Hayo yana wenyewe. Nimekuja na vipimo vya pleti, bamba la kufungia mashine ya rauta chini ya meza. Nataka uvichape ili seremala wa Kisauni au Mtongwe avikate kwa makasi, avibandike ukutani juu ya meza yake ya kazi, asipoteze mwaka mzima na hela kama nilivyopoteza mimi.

Mimi ni seremala wa milango na madirisha hapa Majengo, mwaka wa 31 sasa. Marehemu baba alisomea useremala MIOME, pale ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na mimi nikasomea kwake, kwa randa, patasi na matusi. Mwimo, mfaa, kizingiti, kila kimoja nilikichonga kwa mkono hadi viganja vikawa kama nyayo. Baba alifariki hajashika rauta. Mimi nilinunua yangu miaka mitatu iliyopita.

Kwa msomaji asiye fundi: rauta ni mota iliyosimama wima, na chini yake kuna kidomo, koleti, kinachobana kisu tunachokiita biti. Biti ikizunguka ndiyo inayolainisha ukingo wa meza yako ya chakula, ndiyo inayotia mfereji wa kioo kwenye kabati la vyombo. Ukiishika mkononi, mashine ndiyo inayotembea juu ya ubao. Ukiipindua kichwa chini ukaifunga chini ya meza, biti ikachomoza katika tundu, hapo ubao ndio unaotembea na mashine imetulia. Skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, za nyumba nzima unazimaliza kabla ya adhuhuri, na kila moja ni sawa na mwenzake.

Sasa, itafungwa na nini? Meza nzuri haipungui unene wa milimita 36. Ukiikaza rauta moja kwa moja chini ya ubao huo, biti inabaki imezama ndani kama kobe. Kwa hivyo meza hutobolewa dirisha, na kwenye dirisha hilo hulazwa bamba jembamba lakini gumu, lililo sawa kabisa na uso wa meza, na rauta hukazwa kwenye bamba. Hilo ndilo tunaloliita pleti. Ni kitu kidogo, unaweza kukibeba kwapani kama daftari. Lakini ndicho kinachoibeba mashine ya karibu kilo 6 inayozunguka mara 22,000 kwa dakika, sentimita chache kutoka tumboni mwako.

Kuna wanaosema haina haja. Karakana moja jirani, sitaitaja, waliikaza rauta chini ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 kwa skrubu za mbao. MDF na hewa yetu ya bahari mnajuana. Baada ya masika ilivimba kama mkate uliotiwa chai, skrubu zikakosa pa kushika, na asubuhi moja rauta ikadondoka ikiwa inawaka. Ilizunguka sakafuni kati ya maranda ikitafuna kila ilichokuta, waya wake ukiifuata kama mkia, hadi mtu akaikimbilia plagi. Kijana aliyekuwa amesimama pale aliruka juu ya rundo la mbao. Hakuumia hata ukucha, alhamdulillahi, ila siku hizi anaendesha bodaboda na ukimwambia habari ya useremala anacheka tu.

Basi nikaenda kuitafuta pleti. Barabara ya Jomo Kenyatta yote, duka hadi duka, kisha Mwembe Tayari. Kijana wa duka la kwanza akanitolea fremu ya kufungia namba ya gari. Wa pili akanipa diski ya kusugulia. Wa tatu, Mungu ambariki, alikuwa mkweli: "Mzee, hicho kitu sijawahi kukiuza wala kukiona." Rauta zenyewe zimejaa rafuni, za kila rangi, na biti zake kwenye visanduku vya mbao, ila cha kuzifungia hakuna.

Nikaona nitumie akili. Kwa fundi wa mabango nikanunua kipande cha akriliki cha milimita 8, safi kama maji, kilichobaki kwenye bango la duka la simu. Kinakatika kwa jigisoo, kinatoboka kwa drili ya kawaida, na ukitazama kutoka juu unaona mashine yote huko chini. Nilijisifu kwa wiki mbili. Wiki ya tatu viungo vyangu vikaanza kulegea, mfereji huu umefika kina, ule haukufika, na mimi nawatupia lawama vijana kwamba hawakandamizi ubao. Jumamosi moja nikalaza rula ya chuma juu ya pleti. Katikati kulikuwa na mwanga. Nilichukua noti ya hamsini, nikaikunja mara tatu, ikapita chini ya rula bila kugusa. Akriliki ilikuwa imeshuka tumbo, kidogo kidogo, kwa uzito wa rauta iliyoning'inia usiku na mchana na kwa joto la bati letu la mwezi wa tatu. Ubao mrefu ulipita juu ya bonde hilo kama daraja, biti ikaugusa juu juu. Ubao mfupi ulitumbukia. Na tulipoing'oa tukakuta nyufa kama miguu ya buibui kila penye tundu la skrubu, maana nilikuwa nimezikaza sana. Siku hizi nikimwona mtu anataka kutumia akriliki namwambia kama huna budi basi iwe ya milimita 12 na kila jioni uitoe rauta, na nani ataitoa kila jioni?

Jaribio la pili namshukuru Mungu halikufika mbali. Kwenye ghala moja Shimanzi walikuwa wanauza vyuma vya zamani, na humo nikaona ubao mweusi wa swichibodi, unene wa kidole, mgumu, umenyooka kama kioo. Nimeshalipa, nimeshauweka begani, mzee mmoja fundi umeme mstaafu akanishika mkono. "Yakhe, huo usiutie msumeno. Bodi za zamani za umeme nyingi zilitiwa asbesto. Vumbi lake likiingia pafuni halitoki." Niliurudisha. Muuzaji hakunirudishia pesa zote, lakini hiyo si habari. Nawaandikia wenzangu waliozoea kuokota bodi hizo: zipo za bakelaiti ya kweli, plastiki ngumu ya zamani, ambayo ni nzuri kwa pleti, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile nyingine. Ziache hapo hapo zilipo.

Hapo ndipo nikamwomba mpwa wangu aliyeko ng'ambo aninunulie. Ilikuja imefungwa vizuri, alumini nene ya milimita 9 na nusu, ina pete zake za kupunguzia tundu, ina skrubu za kusawazishia kila kona. Uzuri wake siwezi kuukana. Lakini ukijumlisha bei, nauli ya ndege, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilinifika mkononi kwa zaidi ya shilingi 19,000. Rauta yenyewe niliinunua shilingi 11,500. Ni kama kumnunulia punda tandiko la bei kuliko punda.

Na matundu hayakulingana! Ilikuwa imetobolewa kwa ajili ya mashine za kule. Rauta yangu ya kijani, yenye jina ambalo hata muuzaji hulitamka kila siku vingine, haikuwamo katika hesabu yao. Nikaamua kutoboa mwenyewe. Hapa nitasema kosa langu bila kuzunguka. Chini ya rauta kuna kitako cha plastiki kilichoshikwa kwa skrubu nne. Unakifungua, unakilaza juu ya pleti, unatia alama kwenye matundu yake. Mimi nilikilaza kifudifudi pale kilipotakiwa kulala chali. Matundu manne ya kitako changu hayako katika mraba. Mawili yamesogeleana kidogo kuliko mengine. Nikatoboa yote manne kwa furaha, nikapeleka rauta, tundu moja likaingia, jingine likakataa. Shilingi elfu kumi na tisa, na ina matundu kama chujio la tui. Ile pleti bado ninayo. Kijana wangu wa kazi huiwekea birika la chai.

Lakini ilinifaa kwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Ilinifunza kipimo. Wenzetu Marekani wanatengeneza pleti viwanda mbalimbali, ila nyingi zimekuja kukaribiana kwenye inchi 9 na robo kwa inchi 11 na robo tatu. Fundi akiharibu pleti, au akibadilisha rauta, ananunua nyingine na kuilaza kwenye dirisha lile lile. Meza haiguswi. Sisi hapa kila mmoja anakata dirisha kwa kadiri ya kipande alichookota. Rauta ikifa, na meza imekufa nayo.

Shimanzi nilirudi, safari hii kwa kijana anayetengeneza bodi za malori. Nyuma ya banda lake kuna vipande vya alumini ya milimita 6 vilivyobaki, anaviuza kwa kilo. Nikaokota kimoja kinang'aa. Akaninyang'anya. "Hicho si chako, ami. Hicho laini, ni cha sufuria, kitapinda." Akachukua kingine kilichochakaa, akakining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo. Kililia kama kengele ya baiskeli. Cha kwanza alipokigonga kilisema pu. Akanionyesha na chapa ya kiwandani iliyobaki pembeni, 5083, bamba ambalo hujengewa boti. Ukikuta 6061 nayo ni ngumu, inafaa. Kipande cha kipimo cha pleti kwa unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo moja na gramu mia hivi. Kilo alinifanyia shilingi 400. Nilisimama pale nikaihesabu tena hesabu ya ndege na ushuru, nikaacha.

Kukata pembe nne ni kazi ya dakika chache kwa jigisoo yenye msumeno wa chuma. Chovya msumeno kwenye mafuta ya taa kila mara, la sivyo alumini inanata kwenye meno. Grainda usiitumie, diski inajaa. Tatizo ni tundu la katikati, maana lazima liwe duara kamili na liwe na ngazi ndani yake ya kukalia pete. Hilo linataka lethi, mashine ya kukereza, na lethi kubwa, kwa kuwa bamba hilo kutoka kona hadi kona ni milimita 380. Kijana wa Shimanzi akanielekeza Changamwe, kwa wanaokereza ngoma za breki za malori.

Mkerezaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ovaroli imemfika magotini kwa mafuta, kalamu ya chuma sikioni. Alikitazama kikaratasi changu, akauliza:

"Mzee, vipimo vyako hivi ni vya inchi ama vya milimita?"

"Vyote."

"Vyote haviko. Chagua kimoja, hicho kingine ukisahau."

Alinikumbusha baba. Na alikuwa na haki kuliko alivyojua, kwa sababu ugonjwa huo huo wa inchi na milimita ndio unaoharibu rauta zetu. Rauta nyingi kubwa zinazouzwa hapa koleti yake ni ya milimita 12. Biti nyingi mkia wake ni nusu inchi, yaani 12.7, haziingii kabisa, na hiyo si hatari, ni hasara tu. Hatari ni kinyume chake: biti ya 12 ndani ya koleti ya nusu inchi. Inaingia, unaikaza, unadhani imeshika, kumbe imeshikwa kwa ncha. Biti hiyo itapanda au itatoka. Nimeona vijana wakizungushia karatasi ya sigara ili ikaze. Wallahi nimeona.

Basi tukachagua milimita. Alilifunga bamba kwenye taya nne za lethi, akalizungusha polepole kwa mkono huku amelisogezea ncha ya chuma hadi alama yangu ya katikati ikaacha kuyumba. Hapo tu alitumia robo saa. Kisha akawasha. Alitonesha mafuta ya taa kwa kibuyu cha plastiki, tone, tone, na alumini ikatoka kwa nyuzi ndefu zinazong'aa, zikajiviringa kwenye viatu vyake. Tundu la milimita 80 kwanza. Halafu akalipanua hadi 100, lakini kwa kina cha milimita 3 tu, ndiyo ngazi yenyewe. Akazima, akapitisha kidole ndani ya ngazi mzingo mzima macho ameyafumba, akawasha tena akatoa unyoya mmoja. Alinitoza shilingi 800, na pete tatu nilizikata mwenyewe kutoka kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama: moja tundu la milimita 30, moja la 50, na moja sikuitoboa bado.

Kabla sijaondoka akadai skrubu itakayotumika. Sikuwa nayo. Akasema nenda uilete, maana vichwa vya skrubu bapa haviko sawa: vya milimita hukaa kwenye kikombe cha nyuzi 90, vya inchi nyuzi 82. Ukikosea, kichwa kinabaki juu kwa unene wa unywele, na unywele huo ndio utakaoshika ubao wako katikati ya safari. Nilipanda matatu hadi mjini na kurudi kwa ajili ya skrubu nne. Duka la nati nilikwenda na skrubu ya zamani ya rauta mfukoni, nikapata ndefu zaidi za uzi ule ule, M5, yaani unene wa milimita 5, za stenlesi. Za chuma cha kawaida, na chumvi hii ya hewani, unakuta kutu na skrubu haitoki hata kwa kiapo.

Vipimo ndivyo hivi, Mhariri, naomba visikosewe kwa kuchapwa. Pleti: milimita 235 kwa 298 na nusu, alumini ngumu ya milimita 6. Tundu la kati 80, ngazi ya pete 100 kwa kina cha 3. Dirisha la meza lililokatwa mpaka chini: 211 kwa 274 na nusu. Hapo panabaki ukingo wa milimita 12 kila upande wa kukalia pleti, nao uchongwe kwa kina cha 6 na nusu. Ile nusu milimita ya ziada ni ya skrubu za kusawazishia, M6 zisizo na kichwa, nane, mbili kila kona, zinazokanyaga ukingo kutoka juu. Unazizungusha kidogo kidogo kwa ufunguo wa pembe sita mpaka rula ya chuma ipite mezani, pletini, mezani, bila kugonga. Kuchonga ukingo huo ni kazi ya rauta yenyewe: ilaze pleti mahali pake, zungushia vipande vinne vya ubao vilivyonyooka, vibane, ondoa pleti, kisha pitisha biti yenye beringi ifuate vipande hivyo. Kona zitatoka mviringo kwa ukubwa wa biti, kwa hivyo zipige tupa kona za pleti zifanane nazo. Usijaribu kuzifanya kona za meza ziwe kali kwa patasi. Nimejaribu, zinaonekana kama zimetafunwa na panya.

Meza iwe ya plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, na fomaika ubandike juu na chini, pande zote mbili. Ukibandika juu tu, masika ikija meza inajikunja.

Jambo ambalo sikulitarajia: alumini inachora. Nilipitisha saipresi ya skatingi, mbao nyeupe kabisa, zikatoka na mistari ya kijivu upande wa chini. Nikadhani ni mikono ya vijana. Ni pleti. Isugue kwa msasa laini, kisha ipake nta, hata mshumaa, uifute kwa kitambaa. Nafanya hivyo kila Jumatatu.

Kuhusu usalama nitapita haraka, si kwa sababu ni dogo, ila aliyekusudia kutosikia hasikii. Ukiwa umesimama mbele ya meza, ubao unatoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Ukiupeleka kinyume biti inaunyakua na mkono unaufuata. Biti kubwa za paneli, za inchi tatu na nusu, kwa kasi ya 22,000 ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 360 kwa saa; hata matatu ya Malindi hazijafika huko. Zinataka zishushwe hadi 10,000 au 12,000, na rauta yangu haina cha kupunguza kasi, kwa hivyo paneli za milango nazichonga kwa biti nyembamba ya kusimama, ubao ukisimama wima kwenye fensi, ule ubao wa kuegemezea kazi. Vumbi la mvule linawasha na kukaba kifua, funga pua. Na umeme wetu ukikatika ubao uko katikati, ukirudi mashine inawaka yenyewe huku umeshaingiza vidole kusafisha. Iko swichi ambayo umeme ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze. Inunue hiyo kabla ya biti ya pili.

Wako watakaoniambia, mzee, siku hizi kuna CNC, unachora kwenye kompyuta mlango unatoka umechongwa. Naziona. Nampelekea kazi mwenye nayo, ile ya MDF. Lakini mteja wangu wa Kibokoni aliyetaka mlango wa mbambakofi wenye fremu ya kuchomekea ulimi na mfereji hakwenda huko, na hela ya mashine ile sisi wa Majengo hatunayo. Na mwenye ile rauta ndogo ya mkono mmoja, ya koleti ya robo inchi, hahitaji haya yote. Plaiwudi ya milimita 9 na skrubu fupi zinamtosha.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti hii. Wanafunzi wenu wa chuma nawaona wakipiga tupa vipande vya chuma viwe mraba, wakimaliza vinatupwa kwenye ndoo. Wapeni alumini na karatasi hii. Kupima, kukata, kukereza, kutoboa, kutia uzi wa M6, yote yamo ndani ya pleti moja, na ikitoka sawa kuna seremala atakayeinunua. Mimi bamba, lethi na skrubu zote, na nauli zangu za Changamwe, hazikufika 2,500. Ila wote mkate kipimo kimoja. Mkianza kila chuo na chake tutarudi kule kule.

Kaliba, yaani kigezo, ya pleti yangu nimeitengeneza kwa plaiwudi, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa karakana, imeandikwa CHALI upande mmoja kwa rangi nyekundu. Anayetaka kuinakili aje siku yoyote isipokuwa Ijumaa baada ya adhuhuri. Aje na kitako cha rauta yake na penseli. Zangu vijana wamezimaliza.

Fundi seremala,
Majengo, Mombasa